Kabla ya kuandika msimbo, karatasi na kalamu zinatosha?

Swali: Natengeneza programu ya simu ya kikundi cha vikoba: hisa, mikopo, marejesho. Rafiki yangu anasema nichore kurasa zote niwaonyeshe wanachama kabla ya kuandika msimbo. Naona nitapoteza wiki nzima. Ni lazima? Na niwaonyeshe watu wangapi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Wiki ya nini, mdogo wangu? Kata kila karatasi ya A4 vipande vinne, kila ukurasa uchore kwa kalamu kwenye kipande chake. Ni kazi ya jioni moja. Figma, programu ya kuchora kurasa kwenye kompyuta, ipo, lakini mimi huanza na karatasi makusudi: mtu akiona kitu kimepakwa rangi kinang'aa, anaona haya kukikosoa.

Kisha keti na mwanachama, umpe kazi: "Unataka kukopa laki mbili. Hii ndiyo simu yako." Akigusa kitufe, ondoa kipande hicho uweke kinachofuata. Mwombe aseme kila anachowaza, nawe unyamaze. Hapo ndipo wengi wetu hushindwa.

Niliwahi kuchora fomu ya mkopo kama hiyo, chini nikaweka kitufe cha "Tuma". Mama mmoja alijaza vizuri, kidole kikafika pale kikasita. Nikajikaza nisiseme. Mwishowe akauliza, "Sasa hapa natuma hela kwa nani?" Kwake, kutuma kwenye simu ni kutuma pesa, naye alikuja kukopa, si kukatwa. Nikafuta, nikaandika "Omba mkopo". Akabonyeza bila wasiwasi, na waliofuata vilevile. Kosa hilo lingegundulika baada ya kusambaza programu, ningekuwa nabembeleza watu wapakue upya kwa bando lao.

Kuhusu idadi, Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu na tovuti, aliandika mwaka 2000, kwa hesabu alizofanya na mtafiti mwenzake Tom Landauer, kwamba watu 5 hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya matumizi. Mimi ningeanza na watatu, nirekebishe, ndipo niite wawili. Mweka hazina asikosekane, wala yule anayeombaga mjukuu amsomee meseji. Wenzako wa chuo usiwahesabu.

Usiwaulize kama wameipenda. Watasema nzuri sana, hasa ukiwa umewanunulia soda.

Karatasi haitakuonyesha programu inavyojikokota mtandao ukiwa dhaifu, wala kama maandishi yanasomeka juani. Hayo utayapima toleo la kwanza likishakuwa kwenye simu zao.