Leo Mwezi Ngapi?

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ulipohamia mahali papya, ni kitu gani kilichokuchukua muda mrefu zaidi kukizoea?" Jibu langu ni mwezi. Sisemi Januari wala Februari. Nasema mwezi wa angani.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, mzaliwa wa Njombe. Kwetu Juni mtu anaamka akaikuta nyasi nyeupe kwa umande ulioganda, na mwaka tunauhesabu kwa mvua na viazi. Bahari nilikuwa sijawahi kuigusa kwa mkono siku nilipopata barua ya kupangiwa kisiwani Mafia. Basi lilinishusha Nyamisati mchana, mbele yangu tope na mikoko, na mashua zimelala ubavu kama ng'ombe waliochoka. Nikamwuliza kijana mmoja wa pale chombo kinaondoka saa ngapi. Akasema, "Maji yakijaa." Nikauliza yanajaa saa ngapi. Akatazama tope, si saa, akanijibu, "Bado." Nilikaa juu ya begi langu hadi giza likaingia, na sikuona ni wakati gani lile tope liligeuka kuwa maji.

Wageni wengi wanaokuja Mafia wanakwenda Utende, kwenye hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, au wanakaa Kilindoni kati ya Oktoba na Machi wakiwasubiri papa potwe. Potwe nimewaona, na mara ya kwanza nilitokwa na machozi. Ila mnyama yule huhitaji kumzoea, unamshangaa, basi. Nilichopaswa kukizoea ni kitu kingine, na kilianza wiki ya kwanza tu, mlangoni kwa jirani yangu, bibi mmoja mchokoa pweza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mwalimu, leo mwezi ngapi?"

"Mwezi wa tatu, bibi."

Alinitazama kwa huruma. "Huo wa serikali. Nakuuliza mwezi." Akahesabu mwenyewe kwa vidole, akasema, "Mwezi kumi na mbili. Kesho kutwa bamvua." Nikaitikia kwa adabu, nikaingia ndani. Kiswahili nimekisema tangu utotoni na sikuelewa hata moja katika maneno yale.

Nililipia ujinga huo darasani, au tuseme wanafunzi wangu ndio waliolipia. Kidato cha pili walikuwa na siku za kupotea. Leo wako wote, kesho wamepungua nusu, siku nne tano hivi, kisha wanarudi wote kwa pamoja, viganja vimechubuka. Wasichana walizidi. Niliita utoro. Niliadhibu. Kulikuwa na msichana mmoja, kichwa chepesi sana katika aljebra, ambaye nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamwambia hana nia ya kusoma. Hakunijibu. Naliandika hili kwa sababu bado linaniuma.

Nafuu ilitoka kwenye daftari la mahudhurio. Nililikalia jioni moja nikiwa na kalenda ya msikitini aliyonipa mwalimu mwenzangu, ile inayoandika tarehe za Kiislamu pembeni ya zile za kawaida. Nikaweka alama nyekundu kila siku darasa lilipopwaya. Alama zilijikusanya mahali pawili tu: mwezi mwandamo na siku chache baada yake, na mwezi mpevu na siku chache baada yake. Kila mwezi, bila kukosa.

Sababu yake mvuvi yeyote wa Mafia anaijua bila kalamu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, nguvu yake na ya jua zinavuta bahari kwa mstari mmoja, na tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita tatu. Hiyo ndiyo bamvua: mwamba unakauka, na watu wanashuka kuchokoa pweza. Wiki moja baadaye ni maji mafu: yanapanda kidogo, yanashuka kidogo, na mwamba haukauki. Na huku kwetu maji ya bamvua yanakupwa kabisa saa nne za asubuhi, siku hii mapema kidogo, siku ile yamechelewa kidogo. Saa nne asubuhi! Nami ndiyo kwanza nimeandika mada ubaoni.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba bibi anichukue. Tulitembea mahali ambapo jana yake ngalawa zilikuwa zinapita. Alikuwa na chuma chembamba na kamba kiunoni, anatembea ameinamisha kichwa, hasemi. Kisha akasimama juu ya tundu ambalo mimi ningelipita mara kumi. Akanionyesha kwa kidole cha mguu: makombe matupu na vijiwe vimepangwa mlangoni, na mchanga wake msafi kuliko wa pembeni. "Amefagia," alisema. Akaingiza chuma taratibu. Mkono mmoja ukatoka, ukashika chuma, ukabadilika rangi mbele ya macho yangu, kahawia, nyeupe, kahawia tena. Alimtoa, akampindua kichwa, akamtundika kwenye kamba, yote kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Nilikuwa bado nimepigwa butwaa aliponishika mkono: "Mwalimu, turudi." Nikageuka. Mfereji tuliouvuka mkavu ulikuwa umeshanifika magotini, na sikusikia sauti yoyote.

Aliwapata wanne. Alimpa mnunuzi watatu pale pale ufukweni, na pesa ile, akanieleza, ni daftari na sare za mjukuu wake. Mjukuu wake ndiye yule msichana wa aljebra.

Basi nikaanza kuhesabu siku za mwezi tangu unapoandama. Mwezi mosi, mwezi pili, mwezi tatu. Nilijua lini dagaa watakuwa wengi sokoni, kwa kuwa wenye taa wanavua wakati wa giza na kupumzika kwenye mbalamwezi. Nilielewa kwa nini kisiwa jirani cha Jibondo, wakiufunga mwamba wa pweza kwa miezi ili wakue, hawaufungui siku yoyote ile, wanasubiri bamvua. Na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipotupitia, upepo ukivunja migomba na kung'oa mabati, mzee mmoja alituambia tumshukuru Mungu kwa mwezi: kilitukuta maji ndiyo kwanza yanatoka kuwa mafu. Kingekawia siku tano, alisema, bahari ingeingia majumbani.

Sitaki mtu anielewe kwamba naona ni sawa mtoto kuacha darasa aende mwambani. Si sawa. Lakini huwezi kushindana na bahari kwa fimbo. Nilimwendea mkuu wa shule na kalenda yangu yenye alama nyekundu, tukakubaliana majaribio yote yawe siku za maji mafu, mada mpya na ngumu zisianzwe kwenye bamvua, na wanaokwenda mwambani wafidie vipindi Jumamosi mchana. Wazazi tukawaomba wapokezane, asiende mtoto wakati mtu mzima yupo. Wengine walikubali, wengine hadi leo tunabishana.

Mtihani wa taifa hausogei. Unapangwa bara, Novemba, na hauulizi mwezi. Mara ya mwisho siku za hisabati ziliangukia bamvua kubwa, nami nilijua hilo tangu Agosti kwa kuhesabu. Nilipita nyumba kwa nyumba, jioni, nikianzia kwa bibi. Asubuhi ya mtihani maji yalikupwa hadi mwamba wote ukaonekana mweusi kutoka dirishani, na wanawake wazima walikuwa huko wameinama. Nilihesabu vichwa darasani. Viti vyote vilikuwa na watu.

Mwalimu wa hisabati, Mafia