Ogopa kichupa kuliko pipa

Mtu akiingia stoo ya kemikali kwa mara ya kwanza, macho yake huenda kwenye mapipa ya lita 200. Mimi nimeshika funguo za stoo za namna hiyo kwa miaka mingi, na pipa halinisumbui sana. Lina lebo, lina kifuniko cha kubana, na ukubwa wake peke yake unamtia mtu adabu. Ninachokitafuta kwanza nikipokea zamu ni chupa ya maji ya kunywa iliyoachwa dirishani, nusu yake ina kimiminika kisicho na rangi, na ukiuliza ni nini kila mmoja anamtazama mwenzake.

Chupa hiyo haitoki mbali. Fundi anataka kidogo tu cha kusafishia brashi, pipa ni zito, anaokota chombo kilicho karibu. Kemikali inahama, taarifa zake zinabaki kwenye pipa. Sehemu moja niliyofanya kazi, mwenzetu alitoka kwenye joto la mashine, akanyakua chupa, akapiga funda. Ilikuwa thina. Sehemu kubwa aliitema palepale, akapona, lakini kilichofuata kilinitisha kuliko funda lenyewe: huyu anaulizia maziwa, yule anataka kumtia kidole kooni atapike. Usimtapishe mtu aliyekunywa thina, petroli au mafuta ya taa, kwa sababu yakipanda yanaweza kuingia kwenye mapafu. Tindikali na kostiki soda nazo zikirudi juu zinaunguza koo mara ya pili. Asukutue mdomo, ateme, akimbizwe hospitali, na lebo ya chombo cha asili iende naye, hata kama ni picha kwenye simu. Daktari akiambiwa "kitu cha kwenye chupa" ataanzia wapi?

Ukilazimika kuhamishia kemikali kwenye chombo kidogo, chombo cha chakula au kinywaji hakigusi kazi hiyo. Hata mara moja, hata kwa dakika tano. Andika jina kamili la kemikali, ukali wake, tarehe na alama ya hatari. Maneno kama "dawa" au "ya kusafishia" hayamsaidii mtu wa zamu ya usiku. Kisha funika maandishi kwa selotepu pana inayoonyesha, kwa sababu tone moja la thina likiteleza ubavuni mwa chupa linafuta wino wa kalamu nene, na wewe unabaki na chupa safi isiyo na jina.

Alama zenyewe si nyingi. Umoja wa Mataifa ulitoa mfumo wa pamoja mwaka 2003, na una alama 9 za picha nyeusi ndani ya mraba wenye mpaka mwekundu, uliosimama kwa pembe. Mwali wa moto na fuvu kila mtu anavielewa. Inayopuuzwa ni ile ya kifua cha mtu chenye kitu kama nyota katikati. Hiyo inahusu hasa madhara yanayokuja polepole, kama saratani au kuharibika kwa mapafu, na kwa kuwa hakuna anayeanguka siku ileile, watu wanaizoea.

Karatasi ya taarifa za usalama, ile inayotolewa na muuzaji pamoja na kemikali, ina sehemu 16. Sijawahi kukutana na mfanyakazi aliyezisoma zote, na simlaumu. Anza na ya 4 (huduma ya kwanza), ya 6 (ikimwagika), ya 8 (vifaa vya kujikinga) na ya 10 (haipatani na nini). Ile ya 10 ndiyo itakayokuonya kwamba klorini ya kufulia ikikutana na tindikali ya kusafishia choo inatoa gesi ya sumu. Na nakala ikae nje ya stoo. Kemikali ikivuja ndani, nani ataingia kuifuata karatasi?

Wakati wa kumimina: tindikali huingizwa kwenye maji kidogokidogo, kamwe si maji kwenye tindikali, maana mchanganyiko unachemka ghafla na kuruka usoni. Usivute petroli kwa mdomo na mpira. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye cheche iliyo mbali na wewe.

Glavu zina uongo wake. Za mpira wa kawaida hazifai kwa petroli, na asetoni hupenya glavu nyembamba za nitraili (mpira wa kutengenezwa kiwandani) ndani ya dakika chache. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke hata uvae mbili. Unahitaji yenye kichujio cha kazi hiyo. Halafu kuna simu. Nimewaona watu waliojikinga kuanzia kichwani hadi miguuni, simu inaita, wanaipokea na glavu zilezile na kuibandika shavuni.

Kemikali ikiingia jichoni, maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, kope zikiwa zimeshikwa wazi. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani ukiwa na maumivu, kwa hiyo awepo mtu wa kukushikia kichwa. Pita leo kwenye bomba la kuoshea macho hapo kazini kwenu, ulifungue, uone kama linatoa maji au kutu, na kama hakuna maboksi yaliyopangwa mbele yake.

Bosi akikwambia umimine kitu ambacho hakuna anayejua ni nini, unayo haki ya kusogea pembeni. Mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unampa mfanyakazi haki ya kuondoka kwenye hatari ya kemikali akiwa na sababu ya msingi kuamini kwamba usalama au afya yake iko kwenye hatari kubwa iliyo karibu kutokea, mradi amjulishe msimamizi wake mara moja. Sijaona haja ya kuutaja kwa ubishi. Huwa nauliza tu karatasi yake iko wapi, na mara nyingi kazi husimama hadi ipatikane.