Bonde au mgongo? Jibu langu kuhusu kontua

Mkuu, umeuliza unajuaje kama kontua zilizopinda (ile mistari ya ramani inayopita penye kimo kimoja) ni bonde au mgongo wa mlima, maana zote unaziona V tu. Hata mimi zilinitesa. Sekondari tulikariri kwamba V ikielekea juu ni bonde, tukajibu mtihani, tukasahau.

Kilichonifungua macho ni pwani, mimi mtu wa Tanga. Asubuhi ya bamvua, siku maji yanapojaa sana, yakishatoka, ufukweni unabaki mstari wa mwani na vijiti pale yalipofika. Ufuate kwa miguu: hupandi wala hushuki. Penye kijito unaingia nao ndani, upande wa bara, kisha unarudi. Penye rasi unatokeza nao baharini. Hiyo ndiyo kontua. Sasa chukulia bahari inapanda mita 20 kila siku, na kila siku inaacha mwani wake, mpaka inafika Usambara. Mstari ulipoingia kufuata ardhi ya juu ni bonde, ulipotokeza kuelekea chini ni mgongo.

Ila soma namba kwanza ujue juu ni wapi. Ngorongoro ina duara zilizofungana kama za kilima, kumbe ni bakuli la kina cha mita 600 hivi.

Kuhusu mwinuko, chukua rula. Kwenye ramani ya 1:50,000, milimita 1 ni mita 50. Kontua zinazopishana mita 20 kwa kimo zikiachana milimita 4 kwenye karatasi, umepanda mita 20 kwa mwendo wa mita 200, gari linakwenda. Zikiachana milimita 1, hapo utashika magoti.

Sasa lililonigharimu. Tulikuwa tunavuta maji ya mserereko, yanayoshuka yenyewe bila pampu, kijijini, milimani huko. Chanzo kilikuwa juu kidogo ya kontua ya mita 1,360, na njia ya bomba ilikatiza kigongo ambacho kontua ya 1,380 haikukigusa. Tukajisemea, basi kigongo kiko chini ya chanzo. Tukachimba mtaro, tukalaza bomba, tukafungulia. Maji yakafika mguuni pa kigongo yakagoma.

Tukaazima kwa fundi ujenzi ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, tukaujaza maji, tukahamisha levo, yaani usawa wa maji, kipande kwa kipande kutoka chanzo. Kigongo kilikuwa kimekizidi chanzo kwa mita 5. Ramani haikudanganya: kati ya 1,360 na 1,380 ardhi inaweza kufanya itakalo, na hakuna mstari utakaokwambia.

Tulizunguka kigongo kwa bomba la ziada la mita 600, wanakijiji wakachanga upya, na maneno tuliyoambiwa siyaandiki hapa. Mtaro wa kwanza bado upo, umeota majani, na mbuzi wanapenda kulala humo.

Ukipiga picha kipande cha ramani yako ukakiweka hapa, hakikisha namba za kontua zinasomeka.