Gemu la handaki la mwaka 1991 kwenye laptopu ya leo

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Mimi niko Wete. Ami yangu ameniachia kompyuta yake ya zamani, na ndani yake nimekuta Eye of the Beholder, gemu alilokuwa akilicheza usiku nami mdogo nimesimama nyuma ya kiti chake. Nimelihamisha kwa flashi hadi kwenye laptopu yangu ya Windows 11, likakataa kufunguka. Nikaweka DOSBox, na kwa ushauri wa rafiki nikaandika cycles=max. Sasa linafunguka, lakini picha imebonyea, sauti inakwaruza, feni inanguruma, na nikishaingia ndani muziki sisikii kabisa. Kugeuka siwezi, nakwenda mbele, nyuma na ubavuni tu. Na dakika kumi za mwanzo nilishapotea. Nirekebishe nini? Na bado lina maana kulicheza, au nimwachie ami na zama zake?

JIBU: Waalaykum salaam. Ulilolitia mwishoni kama dogo, la kupotea, ndilo kubwa. Hayo mengine ni kazi ya nusu saa, basi tuyamalize kwanza.

Gemu halikuharibika kwenye flashi. Lilitoka 1991, likatengenezwa na Westwood Associates na kuuzwa na kampuni ya SSI, nalo ni programu ya biti 16 ya DOS, ule mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows. Windows 11 ni ya biti 64 tu, na Windows za biti 64 zimeondolewa kile chombo cha ndani kilichokuwa kikiendesha programu za biti 16. DOSBox inaigiza kompyuta nzima ya wakati ule, kwa hiyo hapo ulifanya sawa. Rafiki yako ndiye aliyekukoroga. Ile cycles=max inaiambia laptopu itoe nguvu zake zote za prosesa kwa gemu lisilozihitaji. Mashine inahema, feni inapiga kelele, na sauti inakatikakatika kwa kukosa nafasi. Fungua faili la mipangilio ya DOSBox, weka cycles=6000. Ukiona gemu zito, bonyeza Ctrl na F12 kuongeza. Likikimbia mno, Ctrl na F11 kupunguza. Namba utaiona juu, kwenye ukingo wa dirisha.

Picha kubonyea kuna sababu yake. Gemu lilichorwa kwa pikseli 320 kwa 200, lakini vioo vya enzi hizo, vile vyenye kisogo kirefu, vilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3, vikaivuta picha kwa urefu. Wachoraji walichora wakijua hivyo. Kwenye faili lile lile weka aspect=true, output=opengl na windowresolution=960x720. Ukubwa huo unaenea hata kwenye kioo cha 1366 kwa 768, ambacho ndicho kimejaa kwenye laptopu nyingi zinazoletwa hapa dukani kwangu. Uso wa askari wako utarudi kuwa uso wa mtu, si chapati.

Kugeuka: gemu hili linategemea zile namba za upande wa kulia wa kibodi. 8 na 2 ni mbele na nyuma, 4 na 6 ni kupiga hatua ya ubavuni, 7 na 9 ndizo za kugeuka. Laptopu yako bila shaka haina namba hizo. Bonyeza Ctrl na F1, itatokea picha ya kibodi nzima. Chagua 7 ya upande wa kulia, bonyeza Add, kisha gusa herufi Q kwenye kibodi yako. Fanya hivyo hivyo kwa 9 na herufi E, halafu Save, halafu Exit. Na ununue kipanya, tafadhali. Kupiga adui ni kubofya silaha kwa kitufe cha kulia, na ukitegemea kile kibao cha kugusa, ruba wa handakini watakumaliza wewe bado unatafuta pa kubofya. Kipanya kikinaswa ndani ya dirisha, Ctrl na F10 inakitoa.

Muziki usiutafute, haupo. Upo mwanzoni tu. Ukishaingia ndani ni milango, mapigo na sauti za madubwana.

Sasa kupotea. Hadithi inakupeleka chini ya mji wa Waterdeep, kwenye mitaro ya maji machafu, na mara tu mkiingia kifusi kinaporomoka nyuma yenu. Kurudi hakuna. Kuna ngazi 12 kwenda chini, yaani ghorofa moja chini ya nyingine, na gemu halina ramani. Si kwamba ramani imefichwa kwenye kitufe usichokijua: haikuwekwa. Waliolitengeneza walijua mchezaji ana karatasi mezani. Ami yako hakuwa na kumbukumbu ya ajabu, na nakushauri upekue madroo yake, pengine utalikuta daftari.

Kwa hiyo chukua daftari la hesabu, lile la vijumba. Kila ngazi ni vijumba 32 kwa 32. Upana usipotosha, fungua kurasa mbili. Hatua moja ya gemu ni kijumba kimoja. Dira iko kwenye kioo muda wote, itazame kila ukigeuka. Mlango uchore kistari, mtego duara, na ukuta wenye tofali lililojitokeza kidogo utie nukta, kwa sababu tofali hilo mara nyingi ni kitufe. Mawe unayookota ngazi ya kwanza usiyadharau: moja liache kwenye njia panda kama alama, jingine liweke juu ya bamba la sakafuni linalofungua mlango, ubaki wazi ukishapita.

Mgeni wa Mji Mkongwe huwa anashika simu yake, kidoti cha buluu kinamrukaruka juu ya mapaa, na bado anatokea pale pale Sokomuhogo mara tatu. Mtoto wa mtaa anapita kwa baraza, kwa mlango wenye misumari, kwa harufu ya duka la mikate. Handaki hili linataka ulijue hivyo. Ziko programu za kukuchorea ramani pembeni, nami sizikatazi, lakini ngazi tatu za mwanzo zichore kwa mkono. Nusu ya utamu wa gemu uko kwenye penseli, na ukiuondoa, kinachobaki ni kuta za rangi moja na kubofya.

Jambo moja litakalokuchanganya: AC, namba ya kinga ya mwili, inavyopungua ndivyo ilivyo bora. Ndizo kanuni za mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons za wakati ule. Mtu asiye na vazi la vita ana 10, na ukiona namba imeshuka chini ya sifuri, furahi. Kikosi ni watu wanne, na njiani unaweza kuongeza wawili. Mbele weka wapiganaji, kwa sababu safu ya mbele tu ndiyo inayofikia kwa upanga; nyuma weka mchawi na kasisi, warushe walichonacho.

Na hili ulishike. Gemu lina nafasi moja tu ya kuhifadhi ulipofika. Mwisho wa 2009 waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika, na Unguja tukakaa gizani kama miezi mitatu, nilikuwa nalicheza kwa saa moja ya jenereta kila usiku. Usiku mmoja nilikuwa ngazi ya nne, kwa buibui. Jenereta likaanza kukohoa, nikahifadhi haraka haraka. Kesho yake nafungua: watu wanne wote wana sumu, dawa sina, wanapungua uhai mbele ya macho yangu, na nakala ya nyuma hakuna. Nilianza upya kutoka kifusini.

Kama lina maana leo, mimi nasema ndiyo, ila usisubiri kilele. Ukimuua adui wa mwisho, yule dude wa jicho kubwa, toleo la DOS linakupa maandishi machache na kwaheri. Ukipenda kulicheza kwenye simu, labda ndani ya boti ya kuja Unguja, programu iitwayo ScummVM inaliendesha kwenye Android kwa mafaili hayo hayo, na inakupa nafasi nyingi za kuhifadhi. Ukitaka nakala yako ya halali, duka la mtandaoni la GOG wanaliuza.

Ukibaki na DOSBox, tafuta kwenye folda ya gemu faili linaloitwa EOBDATA.SAV. Linakili kando kila usiku kabla hujazima, na mara mbili kabla ya kushuka ngazi ya nne.