Mama anakuja kutembea, nimpeleke wapi Charleston?

SWALI: Shikamoo Anti. Nipo Atlanta nasoma, mama anakuja toka Tanga mwezi wa saba na nataka tuendeshe mpaka Charleston, kule South Carolina, tukae siku mbili. Kila mtu ananiambia tupande gari la farasi tukaangalie nyumba za rangi rangi. Hakuna kingine? Magoti yanamsumbua kidogo.
Binti wa Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Nyumba za Rainbow Row ni nzuri kweli ila zipiteni na gari, mpige picha mbili tatu, basi. Asubuhi ya kwanza mpeleke mama International African American Museum, imefunguliwa 2023 palepale ilipokuwa gati ya Gadsden, meli zilikuwa zinashusha watumwa hapo, na jengo lenyewe wamelinyanyua juu ya nguzo ili ile ardhi ya chini ibaki wazi. Tiketi kata mapema mtandaoni na msikimbizane na muda, pale panataka utulivu jamani. Wengi walioshushwa pale walitoka Afrika Magharibi na Angola, sio pwani yetu, lakini mtu aliyekua anasikia habari za Bagamoyo na Unguja hawezi kupita pale hivihivi.

Mchana ingieni City Market, iko kivulini. Mtawakuta kina mama wa Kigullah, wajukuu wa watumwa wa Kiafrika wa pwani ile, wanashona vikapu vya majani, wanazungusha msokoto juu ya msokoto na kuukaza kwa ukindu wa palmetto, zamani wazee wao walikuwa wanashona hivyohivyo nyungo za kupepetea mpunga mashambani. Bei iko juu, hata kadogo tu, ila ile ni kazi ya mikono ya siku nyingi so usibishane nao sana. Mama atapenda kukaa nao, wewe tafsiri.

Siku ya pili wahini McLeod Plantation, shamba la zamani la watumwa kule James Island, kabla jua halijachachamaa, maana Julai ni joto na unyevu balaa. Vibanda vya watumwa bado vimesimama, na mwambieni anayewatembeza awaonyeshe matofali yenye alama za vidole vya watoto, waliyashika udongo ukiwa bado mbichi. Ukiona kale kadole kadogo utanyamaza.

Fort Sumter, ngome ilipoanzia vita vya wenyewe kwa wenyewe Aprili 1861, inafikika kwa boti tu na safari nzima inakula zaidi ya masaa mawili, halafu kuna ngazi. Kwa magoti ya mama ningeiacha, wewe urudi siku nyingine na wenzio wa chuo.