Inhela haimsaidii mama? Mtazame anavyovuta pumzi

Dada, pole kwa kukesha na mama. Umesema mnaishi Kayole, mapafu yake yalichoshwa na moshi wa kuni, na inhela anaitumia kila siku lakini kifua bado kinambana. Kabla hujailaumu dawa, keti mbele yake umtazame.

Marehemu baba yangu alikuwa akibonyeza kwanza ndipo avute, tena kwa pupa, kama mtu aliyeibuka majini. Dawa ilimwishia kooni. Inhela ya kubonyeza hutoa matone kwa kasi. Ukivuta kwa nguvu hugonga nyuma ya koo na kukwama hapo. Aitikise, atoe pumzi taratibu, aanze kuvuta polepole huku akibonyeza, aendelee kuvuta kwa sekunde 4 au 5, kisha aizuie pumzi sekunde 10 akiweza. Kule kuizuia ndiko kunazipa chembe ndogo za dawa muda wa kutua mapafuni. Akishindwa kulinganisha kidole na pumzi, mtafutie spesa kwenye duka la dawa, ile chupa ya plastiki inayochomekwa kwenye inhela na kuishika dawa ili aivute taratibu. Mimi ningeanza na hiyo.

Ila kama yake ni ya unga, ni kinyume kabisa: avute kwa nguvu tangu mwanzo, maana pumzi yake ndiyo inayoutawanya unga. Wengine hawana tena nguvu hiyo, na daktari huwabadilishia aina.

Basi akienda kliniki abebe inhela yake, aitumie mbele ya nesi. Akishindwa kumaliza sentensi au midomo ikigeuka rangi, usingoje miadi, mkimbize hospitali usiku huohuo.