Sindano ya damu yangu itaponya goti?

SWALI: Wiki 2 zilizopita niligongwa goti upande wa nje uwanjani. Picha ya MRI inaonyesha ligamenti (mkanda unaofunga mfupa kwa mfupa) ya upande wa ndani imechanika nusu, daraja la 2. Nyingine ni nzima. Kliniki imenishauri nichomwe PRP, yaani majimaji ya damu yangu yenye chembe sahani nyingi, sindano 3. Nitapona haraka zaidi? – Mchezaji, Morogoro

JIBU: Pole sana. Katika ligamenti kubwa za goti, hiyo ndiyo inayopona vizuri kuliko zote. Iko nje ya maji ya goti na inapata damu ya kutosha, hivyo damu inayoganda kwenye mpasuko hubaki pale na chembe za kushona hupata pa kushika. Ligamenti ya msalaba ya mbele haina nafasi hiyo: maji ya goti huyeyusha bonge la damu, ncha mbili zikabaki bila daraja. Ndiyo maana kwa hiyo ya msalaba, kuimwagia vichocheo vya ukuaji kama vilivyomo kwenye PRP peke yake hakutoshi.

PRP ni hivi. Unatolewa damu ml 30 hadi 60, inachanganywa na dawa ya kuzuia isigande, kisha inazungushwa kwenye mashine. Ukitazama bomba utaona nyekundu chini, utando mwembamba mweupe katikati, na majimaji ya njano juu. Chembe sahani, zile ndogo zinazosaidia damu kuganda, hukusanywa karibu na utando huo, zikatoka ml 3 hadi 6. Lengo ni chembe kama milioni 1 kwa kila mikrolita. Damu ya kawaida ina 150,000 hadi 450,000. Ndani yake mna vichocheo vya ukuaji viitwavyo PDGF, TGF-beta na VEGF, vinavyoita chembe za kujenga kolajeni (nyuzi za protini zinazounda ligamenti) na mishipa mipya ya damu. Sehemu kubwa humwagika ndani ya saa 1 baada ya chembe kuamshwa, kwa hiyo sindano ikikosa mpasuko kwa sentimita 1, umelipia bure. Dai ichomwe kwa kuongozwa na ultrasaundi.

Kosa tunaloliona sana ni mgonjwa kumeza dawa za maumivu kama diclofenac au ibuprofen hadi asubuhi ya sindano. Dawa hizo huzizuia chembe sahani zisifanye kazi. Acha angalau wiki 1 kabla, na baada ya sindano tumia panadol. Goti litauma na kuvimba siku 2 au 3. Likiwa jekundu, la moto, nawe una homa, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Je, utapona haraka zaidi? Ushahidi wa daraja lako haujanyooka, na sisi tusingeuza mbuzi kwa ajili ya sindano 3. Bresi yenye bawaba wiki 4 hadi 6, kukunja goti kila siku na mazoezi ya paja vina uzito zaidi, maana kolajeni mpya hujipanga kufuata mvuto inaoupata. Ikikaa bila kuvutwa, hukua ovyo kama nywele zisizochanwa.

Ukiamua kuchomwa, uliza kilichomo kwenye bomba. PRP ya damu yako WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, inairuhusu tangu 2011, lakini vichupa vya vichocheo vya ukuaji kama IGF-1 au PDGF vilivyotengenezwa kiwandani ni marufuku kwa mchezaji.